Waifai Haifiki Chumba cha Nyuma: Chunguza Dalili Kabla ya Kuflashi Ruta

Karibu kila anayeniita kuhusu waifai hapa Arusha anakuja na jibu lake mkononi: ruta iongezewe nguvu. Amesikia kwa jirani, au kwa kijana wa duka la simu, kwamba kuna programu ya bure inayowekwa ndani ya ruta badala ya ile ya kiwandani (ndiko kuflashi), na ukishaiweka unaongeza namba moja tu, mawimbi yanafika mpaka getini. Programu hiyo ipo kweli na ni nzuri. Mimi natumia OpenWrt; DD-WRT na FreshTomato nazo zina wapenzi wake. Lakini namba ya nguvu ndiyo yenye faida ndogo kuliko vitu vyote vilivyomo. Faida kubwa ni kwamba programu hizi zinakuonyesha ruta inasikia nini kutoka kwenye kila simu, jambo ambalo programu dhibiti ya kiwandani kwa kawaida inalificha. Ukishaliona hilo, mara nyingi unagundua kwamba tatizo wala halikuwa la nguvu.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili. Ruka mpaka kwenye yako, isipokuwa sehemu inayofuata, ambayo kila mtu aisome.

Je, ruta yako inabadilishika?

Kisanduku ulicholetewa na kampuni ya intaneti, kiwe cha laini ya simu au cha faiba, kiache kama kilivyo. Vingi vya namna hiyo havina toleo la OpenWrt, na mara nyingine si mali yako. Nunua au tafuta ruta ya pili, ichomeke nyuma yake kwa kebo, hiyo ndiyo uichezee. Ikiharibika, nyumba haikosi intaneti na watoto hawakuandami.

Geuza ruta usome kibandiko cha chini. Jina la modeli peke yake halitoshi. Kuna namba ya toleo pembeni, mfano v2 au v5, na matoleo mawili yenye jina moja yanaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani. Tafuta modeli na toleo hilo kwenye orodha ya vifaa ya OpenWrt. Angalia mambo matatu. Kumbukumbu ya flashi isipungue MB 8 na RAM isipungue MB 64, kwa kuwa kuanzia toleo la 21.02 hicho ndicho kiwango cha chini. La tatu ni chipu ya waifai: zenye chipu za Broadcom mara nyingi zinakubali OpenWrt huku waifai yake ikichechemea, kwa sababu madereva yake, yaani programu zinazoiendesha chipu, si huria.

TL-WR841N, zile nyeupe zenye antena mbili ambazo utazikuta kila duka la vifaa vilivyotumika, nyingi zina MB 4 za flashi na MB 32 za RAM. Mtu akikuuzia moja kwa maneno kwamba "inaflashika hii," mwambie asante, uende zako. Inaflashika kwa toleo la zamani ambalo halipati tena marekebisho ya usalama.

Dalili: vijiti vimejaa, lakini hakuna kinachofunguka

Hii ndiyo dalili ninayoikuta zaidi na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Uko chumbani, simu inaonyesha vijiti vitatu au vyote, WhatsApp inazunguka tu. Ukituma ujumbe wa sauti unakaa na alama ya saa. Ukirudi sebuleni unaondoka papo hapo.

Vijiti vya simu vinapima kitu kimoja: simu inavyoisikia ruta. Havisemi lolote kuhusu ruta inavyoisikia simu. Na intaneti haiendi upande mmoja. Kila kipande cha data kinachofika kwenye simu lazima simu ijibu kwamba kimepokewa. Jibu lisipofika, ruta inarudia kutuma, tena na tena, mwisho inashusha mwendo.

Simu ina antena ndogo iliyobanwa ndani ya kasha, na betri inayolindwa. Nguvu yake ya kurusha kwa kawaida iko chini ya ile ya ruta. Ukiongeza nguvu ya ruta ni kama kumpa mtu mmoja kipaza sauti kwenye ukingo wa Mto Themi huku mwenzake wa ng'ambo akibaki na sauti yake ya kawaida. Wa ng'ambo atasikia vizuri sana, ila akijibu hatasikika.

Hapo ndipo OpenWrt inapolipa gharama yake. Ingia kwenye ruta kwa SSH, njia ya kuiandikia amri kutoka kwenye kompyuta, simu ikiwa kule kule chumbani, kisha andika:

iwinfo phy0-ap0 assoclist

Kwenye matoleo ya kabla ya 23.05 andika wlan0 badala ya phy0-ap0. Utapata kitu cha namna hii kwa kila kifaa kilichounganishwa:

XX:XX:XX:4F:1C:09  -81 dBm / -95 dBm (SNR 14)  40 ms ago
RX: 6.5 MBit/s, MCS 0, 20MHz
TX: 65.0 MBit/s, MCS 7, 20MHz

Isome hivi. Namba ya kwanza, -81, ni sauti ya simu inavyoifikia ruta, kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha hata kwa simu ya video, ukishafika -75 unaanza kuteseka, na -81 ni mahututi. Namba ya pili ni kelele ya mazingira. Sasa tazama mistari miwili ya chini. RX ni mwendo wa data kutoka kwenye simu kuja kwenye ruta: 6.5, ngazi ya chini kabisa. TX ni kutoka kwenye ruta kwenda kwenye simu: 65, ngazi ya juu kabisa kwa upana huo na mkondo mmoja. Pengo hilo ndilo ugonjwa wenyewe. Ruta inasikika barabara; simu ndiyo haisikiki. Ukiongeza nguvu ya ruta hapo, utaongeza vijiti kwenye kioo na hutaongeza kitu kingine.

Mama mmoja wa Njiro nilimwonyesha mistari hii kwenye laptopu. Nilishamwamkia, chai imeshaletwa, naye anasubiri nibonyeze hiyo namba ya nguvu.

"Fundi, kwa hiyo si ruta?"
"Ruta ni nzima, mama. Simu yako ndiyo haisikiki huku."
"Sasa nibadilishe simu?"
"Hapana. Tuisogeze ruta ikufuate."

Dawa ya pengo hili ni yoyote inayosaidia pande zote mbili kwa pamoja. Kusogeza ruta ni ya kwanza kwa sababu haina gharama. Ya pili ni antena bora, kama ruta yako ina antena za kufungua kwa skrubu: antena inakusanya sauti ya simu kwa kiwango kilekile inachoielekeza sauti ya ruta, tofauti na namba ya nguvu inayosaidia upande mmoja tu. Tahadhari moja: antena kubwa, mfano ya dBi 9, inabana mawimbi yawe bapa. Inafika mbali kwa usawa wake na kusahau ghorofa ya juu. Ya tatu ni ruta ya pili iliyounganishwa kwa kebo, ambayo naieleza chini.

Na hesabu yenyewe ya nguvu haina huruma. Milliwati 100 ni dBm 20. Ukizidisha mara mbili kuwa 200 umepata dBm 23, yaani desibeli 3 tu za ziada. Ili umbali uongezeke maradufu, tena uwanjani pasipo na kizuizi, unahitaji desibeli 6, ambayo ni nguvu mara nne. Ukuta mmoja wa tofali za saruji unaweza kumeza desibeli kumi na kuendelea.

"Lakini nimeona mtu kabadili nchi, nguvu ikapanda"

Kweli inapanda kwenye kioo. Kila nchi ina kikomo chake cha nguvu ya kurusha, na programu ya ruta inafuata nchi uliyochagua. Mtu anachagua Marekani, ambako kikomo cha 2.4 GHz ni kikubwa, basi anaona namba imeongezeka. Mwaka 2016 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliifuatilia TP-Link kwa sababu baadhi ya ruta zake ziliruhusu mchezo huo huo; kampuni ikakubali kulipa dola 200,000. Katika makubaliano hayo hayo ikaahidi kushirikiana na jumuiya za programu huria ili ruta zake ziendelee kukubali programu za nje. Hapa kwetu masafa yako chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Chagua TZ, andika iw reg get uone kikomo chako, uishi nacho.

Sisemi hivyo kwa kuogopa sheria tu. Kipaza nguvu kilichomo kwenye ruta ya nyumbani kimepimwa kwa kiwango fulani. Ukikisukuma kupita hapo mawimbi yanatoka yakiwa yamechafuka, na yaliyochafuka hayabebi mwendo wa juu. Kipimo cha nguvu kinapanda, spidi inashuka. Juu ya hayo chipu inapata joto, na kama ruta iko juu ya king'amuzi nyuma ya televisheni, joto lipo tayari.

Dalili: sebuleni safi, chumba cha nyuma hakuna kitu

Hapa hata vijiti hakuna. Usianze na kompyuta. Anza na macho. Simama kwenye ruta, chora mstari wa moja kwa moja mpaka kitandani, uhesabu kilichopo kati.

Nyumba zetu zina vizuizi ambavyo vitabu vya nje havivitaji. Tofali za bloku zilizojazwa zege na nondo kwenye nguzo na linta. Kuta za mawe kwenye nyumba za zamani. Slebu ya ghorofa. Kabati lenye kioo kirefu, kwani nyuma ya kioo kuna chuma chembamba kinachorudisha mawimbi. Jokofu. Na tangi la maji la lita elfu kadhaa likiwa juu ya mnara wa chuma katikati ya nyumba na kibanda cha mlinzi: maji yanafyonza mawimbi vizuri sana, kwa hiyo mlinzi analalamika siku tangi limejaa na kunyamaza siku maji yamekatika.

Ruta nyingi ziko mahali faiba ilipoingilia, yaani kona ya sebule karibu na barabara, chini nyuma ya televisheni. Nusu ya mawimbi yanakwenda kwa jirani. Sogeza ruta ya pili katikati ya nyumba, kwenye korido, juu kupita vimo vya watu. Kebo ya Cat5e inafika mita 100, hakuna nyumba ya kawaida Sakina au Moshono inayohitaji zaidi. Simamisha antena wima. Baadhi ya watu huiweka juu ya dari. Kama dari ni jipsamu mawimbi yanashuka bila taabu, ila chini ya bati mchana wa Januari kuna joto la kuua ruta, hasa kwa wa Moshi. Mimi naiacha chini ya dari.

Ukishaisogeza, jaribu 2.4 GHz kwa chumba cha mbali na 5 GHz kwa sebule. Zipe majina tofauti kwa wiki moja ili ujue nani anashika wapi, ukiridhika uzipe jina moja.

Dalili: mchana inakwenda, usiku inasuasua

Kwanza tenganisha intaneti na waifai. Chomeka laptopu kwa kebo saa mbili usiku, upime. Ikisuasua na kwenye kebo, tatizo liko kwa mtoa huduma au kwenye bando, na hakuna kuflashi kutakakokusaidia.

Kebo ikiwa nzuri na waifai mbaya, majirani wamerudi nyumbani. Kwenye LuCI, ukurasa wa usimamizi wa OpenWrt, fungua sehemu ya Wireless ubonyeze Scan. Kaloleni au Levolosi, ambako nyumba zimebanana, utaona orodha ndefu. Kwenye 2.4 GHz kuna chaneli tatu tu zisizogongana: 1, 6 na 11. Chagua ile yenye majirani wachache au walio mbali zaidi. Usijifanye mjanja ukae kwenye 3 ukidhani ni katikati ya barabara tupu. Utapigwa na wa 1 na wa 6 kwa pamoja, na hamtasikilizana. Upana uwe MHz 20. Programu za kiwandani nyingi zinaweka 40 ili namba ya spidi ipendeze kwenye boksi, lakini kwenye mitaa iliyojaa watu, hiyo MHz 40 inamaanisha unakula kelele za mtaa mzima.

Kisha zima mwendo wa zamani wa 802.11b. Kwenye /etc/config/wireless, chini ya radio, hakikisha legacy_rates ni 0. Kifaa kimoja kinachoongea polepole kinashika hewa muda mrefu na kuwasubirisha wote. Ukiona kifaa cha kale kimegoma kuunganishwa baada ya hapo, amua kama unakitaka kuliko unavyoitaka spidi.

Mpangilio unaoitwa distance watu wanaupenda kwa sababu ya jina lake. Hauongezi umbali. Unarekebisha muda wa kusubiri jibu kwa viungo vya mamia ya mita na kilomita. Ndani ya nyumba uache.

Dalili: nimeflashi, waifai imepotea kabisa

Hujaharibu kitu. OpenWrt inapowekwa mara ya kwanza kwa kawaida inazima waifai makusudi, kwa kuwa haina nywila bado. Chomeka kebo kwenye tundu la LAN, fungua 192.168.1.1, ingia kama root bila nywila, weka nywila kwanza, kisha nenda Wireless ubonyeze Enable. Kama kisanduku cha mtoa huduma nacho kinatumia 192.168.1.1, vitagongana; badilisha cha OpenWrt kiwe 192.168.2.1 kabla ya kuviunganisha.

Ikiwa 2.4 imewaka na 5 GHz imegoma, sababu ya kwanza ni nchi. Bila nchi ruta inajihesabu iko popote duniani, na kwa 5 GHz hilo linamaanisha isikilize tu bila kurusha. Weka TZ, uchague chaneli inayoruhusiwa kwenye orodha utakayopewa. Pia kuna chaneli zinazoshirikiana na rada. Ruta inapokaa kwenye mojawapo, inalazimika kusikiliza kwa sekunde 60 au zaidi kabla ya kuanza kurusha. Watu wanasubiri sekunde ishirini, wanaizima, wanaiwasha, wanaanza upya hesabu. Nenda kaandae chai.

Dalili: taa moja inawaka, ruta haifunguki kabisa

Hapa ndipo mikono inatetemeka, na ndipo nitakapokaa kidogo.

Chanzo mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu: faili la toleo lisilo lake, umeme uliokatika katikati ya kazi, au kuflashi kupitia waifai ambayo ilijizima yenyewe njiani. Vyote vinazuilika. Linganisha sha256sum ya faili (namba ndefu ya kuhakiki kwamba faili ni zima) na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia. Ukitoka programu ya kiwandani chagua faili lenye neno factory, ukitoka OpenWrt kwenda OpenWrt chagua sysupgrade. Tumia kebo. Na ruta iwe kwenye UPS au betri, hata ile ndogo ya volti 12; adapta ukutani peke yake ni kumwamini mtu usiyemjua.

Kama imeshatokea, angalia taa. Ikiwa inawaka na baadaye inapepesa haraka, OpenWrt bado iko hai. Zima, washa, na inapoanza kupepesa bonyeza kitufe chochote cha ruta. Ikipepesa kwa kasi zaidi umeingia hali ya dharura. Ipe laptopu anwani 192.168.1.2, andika ssh root@192.168.1.1, kisha firstboot -y && reboot. Inarudi kama mpya.

Taa isipopepesa kabisa, nenda kwa TFTP, njia nyepesi ya kutuma faili kwenye mtandao. Ruta nyingi za TP-Link zina kijiprogramu cha kuamshia ambacho ukishikilia kitufe cha reset wakati wa kuwasha, kinatafuta faili la uokoaji kwenye kompyuta yenye anwani 192.168.0.66. Jina la faili ni lazima liwe lile lile linalotarajiwa: kwa TL-WR841N v9 ni wr841nv9_tp_recovery.bin, kwa Archer C7 v2 ni ArcherC7v2_tp_recovery.bin. Herufi moja ikikosewa ruta inanyamaza.

Weka programu ya seva ya TFTP, Tftpd64 kwa Windows inatosha, ielekeze kwenye folda yenye faili, zima kinga ya Windows (Firewall) kwa muda. Kebo iingie LAN, si WAN. Sasa kitu kinachowashinda wengi: ruta inauliza faili sekunde chache tu baada ya kuwaka, wakati kadi ya mtandao ya laptopu bado inaamka kwa sababu kebo ilikuwa imekufa. Weka swichi ndogo katikati. Laptopu itaona kebo iko hai muda wote, na ombi halitapotea. Shikilia reset, washa, endelea kushikilia kwa sekunde kama kumi mpaka uone seva inaandika kwamba faili linatumwa. Baada ya hapo usiguse chochote mpaka ruta ijiwashe yenyewe.

Kama faili la kiwandani ulilopakua lina neno boot kwenye jina lake, usilitume hivyo lilivyo. Lina kijiprogramu cha kuamshia ndani yake, na kwa modeli nyingi kinatakiwa kukatwa kwanza:

dd if=asili.bin of=safi.bin skip=257 bs=512

TFTP ikigoma inabaki kufungua kasha na kuunganisha waya za siriali. Hiyo mpelekee fundi wa vifaa vya elektroniki, usijifunzie kwenye ruta pekee uliyonayo.

Dalili: inashika vizuri kuliko zamani, ila spidi imeshuka

Angalia usalama kwanza. Ukikuta TKIP au WEP, njia za zamani za kufunga waifai kwa siri, imechaguliwa, mwendo unafungwa kwenye 54 Mbps za zamani. Chagua WPA2 na CCMP. WPA3 ni bora zaidi, ila simu za miaka ya nyuma zinaweza kukataa kuunganishwa, nawe utalaumiwa nyumba nzima.

La pili linawahusu wenye faiba ya haraka. Programu ya kiwandani inatumia njia ya mkato ya chipu kupitisha data. OpenWrt inaipitisha kwenye kichakataji cha kawaida. Kwa kifurushi cha 20 Mbps hutaona tofauti. Kwa kikubwa zaidi, kwenye Firewall washa Software flow offloading.

Dalili: inajizima na kujiwasha

Adapta. Karibu kila mara ni adapta. TL-WR841N inataka volti 9 na ampea 0.6, nyingine nyingi zinataka volti 12. Adapta ya mtaani inaandika ampea 2 kwenye kibandiko, lakini ruta ikianza kurusha kwa bidii volti zinaanguka. Jaribu na adapta nyingine inayoaminika kabla ya kugusa programu.

Dalili: ruta zipo mbili, simu inang'ang'ania ya mbali

Simu ndiyo inayoamua kuhama, ruta haina kauli kubwa. Zipe zote jina moja na nywila moja, chaneli tofauti, kisha punguza nguvu. Ndiyo, punguza. Shusha 2.4 GHz kwenye kila ruta mpaka dBm 14 au 15. Simu ikitoka chumba kimoja itaona ile ya nyuma imedhoofika kweli na itahama. Kwa amri:

uci set wireless.radio0.txpower='14'
uci commit wireless
wifi reload

radio0 inaweza kuwa 5 GHz kwenye baadhi ya ruta, kwa hiyo hakikisha kwanza. Isipotosha, pakiti ya usteer inasaidia ruta zishauriane.

Kirudishi cha waifai, kile cha kuchomeka ukutani, nakitaja mwisho makusudi. Chenye redio moja kinapokea na kurusha kwa zamu, hivyo kinagawa mwendo nusu kwa nusu. Kitumie mahali ambapo kebo haipitiki kabisa.

Dalili: haifiki nyumba ya pili ndani ya kihamba (shamba la ukoo)

Hii ni ya watu wa Machame, Kibosho, Marangu, na Tengeru kwa upande wetu. Nyumba ya wazee iko juu, ya kijana iko chini, mita sitini hivi, na katikati kuna migomba na kahawa. Kijana anataka waifai ya baba ifike kwake na ameshasikia habari za kuflashi.

Haitafika kwa ruta ya ndani, uiflashi usiiflashi. Jani la mgomba limejaa maji, na shamba zima la majani hayo ni ukuta. Masika linazidi kuwa zito, na 5 GHz inaumia zaidi ya 2.4.

Kinachofanya kazi ni vifaa viwili vya nje vinavyotazamana, kama TP-Link CPE210 ya 2.4 GHz au CPE510 ya 5 GHz. Programu yake ya kiwandani inatosha kwa kazi hii, OpenWrt si lazima. Umbali ni mdogo kwao; kinachohitajika ni kuonana. Na kuonana si uzi mwembamba: kwa mita 60 kwenye 2.4 GHz, katikati ya njia unahitaji nafasi ya karibu mita 1.4 kuzunguka mstari huo, kwa 5.8 GHz chini ya mita moja. Kwa hiyo nguzo ipande juu ya migomba ya leo pamoja na itakayokua mwakani. Nashauri hivi kuliko kutandika kebo ya shaba kati ya nyumba mbili, maana radi ya mlimani ikipiga karibu, kebo hiyo inaupeleka mshtuko kwenye vifaa vya nyumba zote.

Wakati wa kulenga, usikaze boliti mapema. Mmoja ashike kifaa juu ya ngazi akikizungusha polepole, mwingine asome namba ya mawimbi kwa sauti kutoka chini. Zungusha mpaka ipite kilele na kuanza kushuka, rudi nyuma kidogo, fanya hivyo hivyo juu na chini. Kwa umbali huo tegemea kati ya -45 na -60. Ukipata -75 huku vifaa vinaonana kabisa, umeshika kilele cha pembeni cha antena; endelea kuzungusha, kile kikubwa kiko jirani.